Kitoweo Tulichokidharau

Sisi tusomeshao watoto chuoni hapa Paje, kila siku twawahimiza kula vya halali na vyema. Lakini tulipopimwa damu mwaka jana, tulijua kuwa fundisho hilo wenyewe twalishika nusu. Daktari alitwambia kuwa mafuta yamezidi damuni na shinikizo limepanda. Akatuuliza twala nini. Tukaona haya kumjibu: asubuhi mahamri, usiku chipsi za mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara nyingi. Dagaa na vibua tuliwaita kitoweo cha mnyonge. Mwanetu akiwavua, huwauza wote mnadani.

Daktari akatufahamisha. Mafuta tulayo huvunjwa tumboni yakawa asidi za mafuta, nazo hupita damuni hata moyoni. Wala si zote sawa. Zile za samaki wenye mafuta, ziitwazo omega-3, hupunguza traigliseridi, nayo ni aina ya mafuta ya damuni. Ama zile za vitu vigandavyo kwa baridi, kama samli na mafuta ya nazi, zikizidi huongeza lehemu mbaya, ambayo hujenga utando katika mishipa ya moyo mpaka njia ya damu ikawa nyembamba.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 1996 jarida la The Lancet la Uingereza lilieleza utafiti wa Lugalawa, wilayani Ludewa, kusini mwa Tanzania Bara. Walipimwa wanavijiji zaidi ya 1,200 wa asili moja: wengine wa kando ya Ziwa Nyasa, walao samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku, wengine wa milimani, walao nafaka na mboga. Wala samaki walikutwa na omega-3 nyingi zaidi damuni, lehemu na traigliseridi kidogo zaidi, na shinikizo la chini zaidi.

Hatusemi kuwa samaki ni badala ya dawa. Zetu twazimeza kama tulivyoamrishwa. Twasema kwamba Suratun-Nahl imetukumbusha neema ya bahari, nasi tuliokaa ukingoni mwake tuliidharau.

Sasa mwanetu hutuachia mtungo mmoja wa vibua, nao huchomwa au hutiwa mchuzi wa ndimu. Enyi vijana, msingoje kupimwa ndipo mjue thamani ya kilicho mlangoni penu. Mwenyezi Mungu atujaalie kushukuru kwa vitendo. Amin.