Stempu ya Baba na Safari ya Mama

Ndugu msomaji, mtu apangapo likizo ya jamaa yake, kwanza hutazama ramani, kisha hutazama mfuko wake. Nami nilifanya vivyo hivyo. Nilisahau kumtazama mama yangu, na kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Marehemu baba alikuwa karani wa posta huko Tanga, na alipenda mno kukusanya stempu. Katika kitabu chake mlikuwa na moja yenye picha ya ngome juu ya mwamba, na maneno “Fürstentum Liechtenstein”. Baba alifariki akidhani kuwa huo ni mji wa Ujerumani. Mwaka huu mama amekuja kututembelea hapa Stuttgart, ninakofanya kazi, naye kitabu kile amekileta kikiwa kimefungwa ndani ya kanga. Siku ya pili tu aliniuliza, “Mwanangu, mji huu wa baba yako uko mbali?”

Nilimweleza kwamba Liechtenstein si mji bali ni nchi kamili, iliyobanwa milimani baina ya Uswisi na Austria. Eneo lake ni kilomita za mraba 160, yaani Unguja peke yake huishinda karibu mara kumi. Wakazi wake ni kiasi cha watu 40,000, lugha yao ni Kijerumani, na fedha yao ni faranga ya Uswisi. Jeshi walilivunja mwaka 1868. Nchi haina pwani, na majirani zake wawili nao hawana. Mwenyeji wa huko hana budi kuvuka mipaka miwili ndipo aione bahari. Mama, mzaliwa wa Tanga, aliwahurumia sana.

Basi nikaanza kupanga. Viza yake iliyotolewa na Ujerumani ilitosha, kwani nchi hiyo iliingia katika mapatano ya Schengen mwaka 2011. Uwanja wa ndege hawana; msafiri hupanda garimoshi kupitia Zürich hadi Sargans, kisha basi hadi Vaduz, mji mkuu. Mpaka hapo sikukosea.

Kosa lilianza nilipojiona bingwa. Nilisoma habari za njia ya miguu ya kilomita 75, iliyofunguliwa mwaka 2019 nchi ilipotimiza miaka 300, nayo hupita katika wilaya zake zote 11. Nikaandika siku tano za kutembea na malazi ya siku tano, nikaongeza na njia nyembamba za majabalini. Jioni moja nikawasomea wote mezani kwa sauti ya mwenyekiti wa mkutano. Watoto walipiga makofi. Mama alitabasamu, akasema, “Safari nzuri, mwanangu. Mimi nitawalindia nyumba.”

Nilidhani ni uchovu. Usiku mke wangu alinionyesha lile ambalo macho yangu hayakuliona: mama alikuwa akipanda ngazi za nyumba yetu huku ameshika ukuta, akisimama kila baada ya vidato vitatu. Goti lake lilikuwa likimuuma tangu mwaka jana. Alituficha, akihofu tungemzuia asije. Nakiri kwamba niliona haya. Safari iliyotokana na swali lake nilikuwa nimeigeuza ikawa yangu, kisha nikamwachia funguo za nyumba.

Asubuhi nilimwamkia, nikamwekea karatasi tupu na kalamu. “Mama, tupange upya. Wewe unataka kuona nini?” Alijibu bila kusita kwamba anataka kuiona ngome ile kwa macho, basi.

Mpango mpya ni mfupi. Tutalala siku mbili badala ya tano, kwa kuwa bei za huko ni kali kwa mfanyakazi. Siku ya kwanza tutakuwa Vaduz, ambako ngome huonekana juu ya mji. Ndani hairuhusiwi kuingia, maana ndimo akaamo mtawala na jamaa yake. Lakini mji wenyewe uko bondeni, na mama ataitazama ameketi. Hapo hapo pana makumbusho ya posta, kwani nchi hiyo imekuwa ikitoa stempu zake tangu mwaka 1912. Siku ya pili basi litatupandisha hadi kijiji cha Malbun, kwenye mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Watoto watapanda mlima na mimi. Mama na mke wangu watakunywa chai wakitungoja. Fedha za zile siku tatu tumemlipia daktari wa goti, naye ameahidi kumwona kabla hatujaondoka.

Ndugu msomaji, likizo ni haki ya mfanyakazi, na hapana ubaya kuota safari ndefu. Lakini iwe unakwenda Lushoto ama Vaduz, kabla hujalipa nauli waketishe jamaa zako wote, umwanzishe kusema yule mwenye miguu dhaifu kuliko wote. Na akikwambia atalinda nyumba, usimwamini upesi.

Tunaondoka Ijumaa. Kitabu cha stempu kimekwisha fungwa tena katika kanga yake, nacho kimo ndani ya mkoba wa mama.