Mikumi Haiishii Mbugani

Wengi huiona Mikumi kupitia dirisha la basi. Barabara kuu ya Iringa na Mbeya inaikata hifadhi katikati kwa kilomita 50 hivi, na abiria hunyoosha shingo kuwatazama twiga na swala pala wanaokula pembeni mwa lami. Si haba, lakini teremka. Kaskazini mwa barabara kuna uwanda wa Mkata: nyasi mpaka macho yachoke, nyati kwa makundi, pundamilia wamechanganyika na nyumbu, tembo wanakwenda zao majini. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 3,230 ilianzishwa mwaka 1964, na mtu wa Dar es Salaam akiondoka alfajiri, mchana yuko na wanyama.

Mimi naipendea zaidi majirani zake. Shika njia ya Kilosa, uingie vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa, ambako msitu wa miombo ni mali ya kijiji. Tangu mwaka 2012, wakisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA, wanakijiji wamejipangia wenyewe: sehemu kubwa ya msitu haichomwi mkaa, sehemu ndogo imegawanywa vitalu vya mkaa, na kitalu kikishavunwa kinapumzishwa miaka 24. Mti haung'olewi. Inama kwenye kisiki uone machipukizi yalivyosongamana ubavuni, mengine yamekwisha kumpita mtu kimo. Ushuru wa mkaa huingia mfuko wa kijiji, na umejenga madarasa na zahanati. Huo ndio uhifadhi ninaouamini, ambao mama mwenye mtoto mgonjwa anauona kwa macho yake.

Ujirani huo una gharama. Tembo hajui mpaka. Akiingia shambani usiku, mahindi ya msimu mzima yamekwisha, na kifuta jasho cha serikali hakilingani na hasara. Kwa hiyo mgeni asiache fedha zake zote getini. Lala nyumba ya wageni Mikumi mjini, kula kwa mama lishe, nunua ufuta na asali vijijini. Ukitaka kuingia msituni, anzia ofisi ya kijiji, upewe kijana mwenyeji wa kukutembeza, na umlipe vizuri.

Nenda Septemba au Oktoba: wanyama wamekusanyika kwenye maji yaliyobaki, na miombo inatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa, kwa hiyo unaweza kuingilia Mikumi ukatokea huko.