Ngamia Chini ya Ng'ombe

Kabati lenyewe nilikutana nalo soko la Isiolo, mwezi wa nne baada ya kustaafu. Droo sitini, mbao ya mvule, kila droo na kishikio cha shaba chenye nafasi ya kutilia kijikaratasi cha herufi. Nililijua kabla sijalifikia, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake katika kundi la wengine. Mama mmoja muuza viungo alikuwa amelijaza bizari, mdalasini, iliki na pilipili manga. Alilinunua kwenye mnada wa vitu chakavu vya ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya waliotia sahihi mnada ule bado tunasalimiana.

"Sanduku zuri hili, mzee," akaniambia. "Panya haingii."

"Na kadi zilizokuwa ndani?"

"Zile karatasi ngumu? Tuliwashia jiko. Zimebaki chache huko chini."

Kadi hizo niliziandika mimi.

Ya utoto nitayapita haraka. Nilizaliwa upande wa Garba Tulla mwaka 1955. Nilikuwa na miaka minane vita vya Shifta vilipoanza. Wazee wetu wa Kiborana kipindi kile hukiita Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa: watu walikusanywa penye ulinzi, mifugo ikazuiwa malisho, ikafa kwa njaa na kwa risasi. Vita vilipokwisha mwaka 1967 baba hakuwa na cha kuchunga. Wenye mifugo watoto wao walikwenda fora, malisho ya mbali, na ngamia, sisi tusio na kitu tukapelekwa shule. Watu wakinisifu kwamba baba yangu alithamini elimu, huwa nanyamaza.

Mwaka 1976 niliajiriwa karani katika maktaba ya wizara moja Nairobi. Huko nyumbani bado tulikuwa tukisema "naenda Kenya" mtu akipanda lori la Nairobi. Nikaenda Kenya, basi, na huko nikamkuta Mzee.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda kutajwa, hata kwenye kadi alitia herufi mbili tu, ndogo, pembeni chini. Ujanani aliwahi kufunga masanduku ya vitabu ya East African Literature Bureau, ile idara iliyoanzishwa 1948 na iliyokuwa ikipeleka vitabu kwa posta na kwa masanduku mahali pasipo na maktaba. Kabla ya hapo alikuwa tarishi. Alikuwa akipita nje ya Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao, akiwatazama simba wawili wa mawe mlangoni. "Simba hawakunizuia," alizoea kusema. "Aliyenizuia alikuwa mtu." Shule ya ukutubi ilipofunguliwa Makerere mwaka 1963, alikwenda.

Alinifundisha kadi. Kijana wa leo anaweza kucheka. Kadi ina upana wa sentimita kumi na mbili na nusu, urefu saba na nusu, na tundu chini katikati ambamo hupita fimbo nyembamba ya chuma ili msomaji asiing'oe. Mwandishi kwenye mstari wa kwanza. Kichwa kinaingia ndani nafasi kadhaa. Ukikosea nafasi moja, Mzee aliichana kadi mbele yako, taratibu, bila hasira, akakupa nyingine. Wiki yangu ya kwanza nilichaniwa kadi zaidi ya nilizoandika. Kisha kadi ya elekezo, ile isiyotaja kitabu chochote, inayosema tu: ukitafuta hapa, tazama kule. Hiyo aliipenda kuliko zote. Alisema kadi ya kitabu ni kazi ya karani, ila ya elekezo ni kazi ya mkutubi, maana lazima ujue mtu ambaye hujamwona atakuja akitafuta kwa neno gani.

Tulikosana kwa sababu ya ngamia.

Mpango wa namba tuliotumia ni wa Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876 akagawa elimu yote ya dunia mafungu kumi. Ukitazama fungu la dini, Ukristo umetandazwa tangu 220 hadi 280 na zaidi, Uislamu wote umepewa 297. Hilo nililimeza. Lakini nilipofika kwenye mifugo nikakuta ng'ombe yuko 636.2, na ngamia kaingizwa tumboni mwake, 636.295, nyuma ya kulungu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe na asiye na ngamia, mwaka wa ukame ukifika, ndiye anayekwenda kuomba. Nikamwambia Mzee tumpe ngamia namba yake.

"Namba si yako, kijana," akasema. "Ni salamu. Ukiibadilisha, mgeni akisalimu hutaitika."

"Na mwenyeji je?"

"Mwenyeji mwandikie elekezo."

Ubishi huo haukwisha hata nilipohamishiwa Isiolo mwaka 1984. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka uliotangulia kwamba mipango ya maendeleo itaanzia wilayani, na wilaya zikaambiwa ziwe na kituo cha kuhifadhi nyaraka zake. Nilikuta chumba kimoja, popo darini, na ripoti zimerundikwa sakafuni. Nje ukame ulikuwa unaua. Ndani kulikuwa na maandishi ya miaka na miaka kuhusu maji, malisho na mifugo ya Isiolo, ambayo mtu wa Isiolo hakuwahi kuyasoma. Maana sisi tumeandikwa sana. Hata kumbukumbu za serikali ya kikoloni za mkoa wetu zilipigwa picha katika mikanda ya filamu, na nakala ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mwanafunzi wa kule alizisoma bila kupanda lori.

Nilipanga kama nilivyofundishwa, kwa somo. Nikajaza droo sitini. Sasa nisikilizeni vizuri.

Katika miaka ya 90 mzee mmoja alifika kituoni kuuliza serikali iliandika nini kuhusu maji ya kwao, kwa kuwa kuna watu walitaka kuchimba kisima. Mimi nilikuwa Nairobi. Msaidizi wangu akatafuta jina la mahali pale, asilione, akamwambia hakuna. Mzee yule akaenda zake. Kisima kikachimbwa, fedha nyingi zikazama, maji yakatoka ya chumvi hata mbuzi wakayakataa. Anayejua ile hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi ya Merti anajua kwamba katikati ni tamu na ukienda pembeni inageuka. Ripoti iliyosema hivyo, kwa jina la mahali palepale, ilikuwa kwenye kabati langu, 551.49, hatua tatu kutoka pale mzee aliposimama.

Nilirudi nikavunja mpango. Nikaandika kadi za mahali: kila kisima, kila malka, yaani kivuko cha mtoni, kila bula, yaani kijiji. Na maneno yetu: dedha, eneo la malisho lenye wazee wake; tula, kisima kirefu; fora na warra, mifugo iliyo mbali na iliyo nyumbani. Nilipofundishwa kompyuta, kwa ile programu ya CDS/ISIS ambayo UNESCO iliigawa bure, nikaingiza maneno hayo katika orodha ya msamiati. Bwana mmoja mkubwa alikuja kukagua akaniuliza kwa nini naharibu mashine ya serikali kwa lugha za manyatta. Mwaka uliofuata aliomba orodha ileile aipeleke kwenye mkutano. Aliipeleka, ila jina langu halikusafiri nayo. Wageni waliofika baadaye waliuliza habari za ngamia wa Garissa tu, wale walioanza kubeba vitabu mwaka 1996. Kazi nzuri ile, naiheshimu. Lakini ngamia anapigwa picha, kadi haipigwi.

Nilimwandikia Mzee barua nikamweleza kisima. Nilidhani nimeshinda. Jibu lake lilikuwa mistari minne. Mpango haukukosa, alisema. Kadi ya elekezo ndiyo iliyokosekana, kutoka jina la mahali kwenda 551.49, na mwandishi wake alikuwa mimi. Akamaliza kwa kuuliza hali ya watoto.

Amekufa sasa. Barua ninayo. Kuna siku nampa haki: sikuiandika kadi ile kwa sababu niliijua ripoti, na nilijiona nitakuwepo sikuzote. Kuna siku namkatalia kabisa: mpango unaomhitaji mtu aandike maelekezo elfu moja ili mwenyeji aone kisima chake si salamu hata kidogo, ni kizuizi cha barabarani, kama kile cha Isiolo tulichopita utotoni kwa kibali.

Nyinyi vijana mliosoma sayansi ya habari Moi, Eldoret, mna digrii, mimi nina cheti. Lakini mmoja wenu alisimama mbele yangu akasema kila kitu sasa kiko kwenye intaneti. Kiko kwa neno gani? Aliyekiweka alikiita nini? Mwanamke wa Merti akiandika dedha kwenye simu yake, ripoti iliyoandikwa na mgeni kwa Kiingereza cha ofisini itamjuaje? Mashine hurudisha kile tu ambacho mtu alikiita jina, na kama mtu huyo hakuwahi kunywa maji ya Sericho, msitegemee. Mwaka 2013 ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoka, wazee waliniuliza kama Daaba imo. Imo, ndani ya vitabu vinene. Nilikaa siku tatu kuandika kurasa zake kwenye kadi moja, chini ya neno lao wenyewe. Hiyo ndiyo kadi ya mwisho niliyoandika kazini.

Nikarudi kwa mama wa viungo. Nikaona hakupanga kwa herufi. Droo za juu ni za pilau, za kati za chai, za chini za mchuzi. Kapanga kwa sufuria. Moyo wangu ukafurahi, nikatamani Mzee awepo aone.

"Na iliki?" nikamuuliza. "Inaingia pilau, inaingia chai."

"Nimeiweka kwa chai. Ya pilau naijua kichwani."

"Na usipokuwepo?"

Alimtazama binti yake, msichana wa miaka kumi na mbili hivi, aliyekuwa akipima bizari. Binti alikuwa ananitazama mimi.

Nikaomba moja ya zile kadi zilizobaki. Nikaigeuza upande mtupu, nikaingia nafasi zinazotakiwa, nikaandika: ILIKI, tazama CHAI. Mama akaisoma kwa sauti, akacheka, akaitia kwenye kishikio cha droo ya pilau. Kisha akanipimia tangawizi robo, na bei hakupunguza.