Karo ya Sukumawiki

Mama aliniuliza swali lile tukiwa uani, kabla jua halijachomoza, akifunga mafungu ya sukumawiki: "Na wewe ulisoma kwa pesa za nani?"

Sikujibu. Kwa miaka tisa mboga zake zilichukuliwa na mkandarasi aliyezipeleka kambini, na huko zilirudi kama karo yangu, viatu vyangu, nauli yangu ya kwanza kwenda chuoni Nairobi. Nanyuki wengi wetu tuko hivyo. Majoni, ndivyo tunavyowaita askari wa Uingereza, wakija biashara huchangamka; wakiondoka, hata bodaboda husinzia.

Ilikuwa Mei 2024. Kamati ya Bunge ilikuwa inakuja mjini kusikiliza wananchi kuhusu BATUK, kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza. Nilikuwa nimeamua kusimama na kusema waondoke.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu ardhi ya Laikipia, kwa hiyo nilikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 1911 Wamaasai walihamishwa kutoka huku chini ya mkataba wa wakoloni, ardhi ikawa ya walowezi. Uhuru ulipokuja, Waingereza waliingia mikataba mipya na serikali yetu ili waendelee kufanyia mazoezi hapa. Mwaka 2002 walikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu 228 waliojeruhiwa, au waliofiwa, kwa sababu ya vilipuzi vilivyoachwa malishoni. Mwaka 2021 moto ulizuka Lolldaiga wakati wa mazoezi na kuteketeza maelfu ya ekari.

Lakini hayo yote ningeweza kuyasema bila sauti kutetemeka. La Agnes Wanjiru sikuweza. Alikuwa na miaka 21 na mtoto wa miezi mitano alipotoweka Machi 2012, baada ya kuonekana akiwa na askari wa Uingereza katika hoteli moja mjini petu. Mwili wake ulipatikana katika tanki la maji taka. Uchunguzi wa mahakama ulikamilika 2019, na hakimu akaamua kwamba aliuawa na askari wa Uingereza. Miaka saba kwa uamuzi tu! Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi alipopatikana. Watu wazima walinong'ona wiki nzima, kisha mazungumzo yakarudi kwenye bei ya viazi.

Ndiyo maana siwachukii askari mmoja mmoja. Wengine ni vijana wa rika langu, wameungua pua kwa jua letu, wanauliza bei ya vinyago. Ninachokataa ni jeshi la nchi nyingine kuwa na nyumba ya kudumu kwetu, kwa mkataba ambao anayeishi kando ya uzio hakuulizwa. Tukiambiwa wanaleta ajira, nauliza kwa nini mji mzima hauna mnunuzi mwingine wa sukumawiki. Hilo swali ni la serikali yetu, si la London.

Ukumbini nilikaa nyuma. Wafugaji walizungumza kuhusu mifugo na majeraha. Katikati ya kikao nikageuka, nikamwona Mama amesimama mlangoni, leso begani, na wafanyabiashara wenzake. Zamu yangu ilipofika nilisema niliyoyaandika, ila sentensi moja niliiruka: ile iliyowaita wanaouzia kambi watu waliojiuza. Niliiandika Nairobi, mbali na uani kwetu.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na stendi ya matatu akauliza, "Yule mtoto wa Wanjiru ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na miwili."

Akatembea kimya mpaka kwenye geti. Kisha akasema mkandarasi anataka mafungu themanini Ijumaa, na kama sirudi Nairobi kesho, nimsaidie kuvuna.

Nilimsaidia.