SAFARI YA BASI KUTOKA MLANDEGE HADI KILWA KISIWANI

Wanafunzi wangu wapenzi, nanyi wazazi wetu, Alhamdulillah nimejaaliwa kwenda Kilwa na kurudi salama. Nilikwenda kwa sababu katika darasa la tarekhe mwanafunzi aliuliza kama Waislamu wa zamani wa nchi yetu wameandikwa vitabuni, au wameandikwa wa Uarabuni peke yao. Nilimjibu kwa kitabu. Lakini mwalimu naye anahitaji kuona kwa macho.

Basi liliondoka Iringa saa 12 asubuhi, tumeshaswali Alfajiri. Sisi wa Mlandege tunapanda basi na makoti, na tukishateremka Kitonga koti linageuka mzigo. Kule chini kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni madirisha yote yalikuwa wazi na upepo unaoingia ni wa moto. Akina mama waliwapepea watoto kwa kanga.

Hapa niseme neno la fiqhi, maana wengi wetu tunaswali vizuri nyumbani na kuiacha swala stendi. Msafiri wa masafa haya ameruhusiwa kuswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa wakati mmoja. Basi liliposimama Morogoro kwa chakula, Adhuhuri ilikuwa imeingia. Wengi walikimbilia chipsi. Sisi watatu tulitawadha kwa maji ya chupa, tukaswali, na bado tukawahi kununua ndizi. Dakika 10 zilitosha.

Tulifika stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni, nikalala kwa jamaa Mbagala. Asubuhi nikapanda basi la Kilwa. Joto la huko si la kusimulia. Shati linalowa kabla basi halijaondoka. Tulivuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa pantoni.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, kuona magofu. Akatikisa kichwa: "Maalim mzima! Magofu ni ya watu walioadhibiwa. Mtume alipopita penye nyumba za Thamudi aliharakisha."

Mzee alisema kweli kuhusu Thamudi, na hadithi ile ni sahihi. Nilimjibu kwa adabu kwamba Thamudi walimkadhibisha Mtume wao, na watu wa Kilwa walikuwa watu wa kibla. Hakuridhika, nami sikumlazimisha. Tulikula machungwa yake hadi Nangurukuru.

Kibali cha kwenda magofuni kinachukuliwa Kilwa Masoko, halafu unavuka kwa mashua. Ni mwendo mfupi. Anayekutembeza anakupeleka kwenye Gereza ufukweni, na baadaye Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Lakini mimi nilikaa zaidi katika Msikiti Mkubwa.

Msikiti huo ulianza katika karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa upande wenye makuba. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo za mwanzo za upanuzi zilikuwa za jiwe moja moja la matumbawe. Hazikuhimili, jengo likaanguka. Katika karne ya 15 waliujenga tena kwa nguzo imara zaidi. Kisima na mahali pa kutawadhia vinaonekana. Mihrabu inaelekea kaskazini, kama ya kwetu Mlandege. Nilitamani yule mzee angekuwa pembeni yangu.

Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, akausifu mji na sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Anaeleza kwamba baada ya swala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Kisa hiki tunapenda kukisimulia, na mara nyingi tunaishia hapo. Lakini kinaendelea: mtoto wa sultani akazitaka zile nguo, akampa fakiri watumwa 10 badala yake, na sultani alipoona watu wamefurahi akamwongezea watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mimi nafundisha watoto wa bara. Watumwa wa Kilwa walitoka bara, na katika karne ya 19 misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Wapo wanaoona tusiwasomee vijana habari hizi, wasije wakaichukia historia yao. Sikubaliani nao. Kijana ataisikia mahali pengine, kwa mdomo wa asiyempenda, na atauliza kwa nini maalim wake alinyamaza. Mwakani, inshaallah, nitasomesha kisa cha fakiri hadi mwisho wake. Na wazazi wakichangia nauli, tutakwenda na darasa la juu wausome mlemle msikitini.

Kisiwa si kitupu. Wako wavuvi na familia zao, na msikiti wao wa sasa. Adhana ya Alasiri ilitukuta kwenye jua kali. Mtembezi wetu aliweka fimbo chini, tukaenda kuswali na wanakijiji. Imamu ni mkaazi, na msafiri akiswali nyuma ya mkaazi hapunguzi, kwa hiyo tuliswali rakaa nne.