Sioni Tena Aibu kwa Mwili Wangu

Mimi ni mnene tangu utotoni. Nyumbani niliitwa mlafi kwa utani, shuleni kwa dharau. Nilipoolewa nikakaa bila kushika mimba, mawifi walisema mafuta yameziba kizazi. Nilimeza yote nikiamini ni haki yangu. Leo nashuhudia kwamba aibu hiyo imenitoka, na iliyoniondolea ni elimu niliyoipata nikisomea mifugo.

Tulifundishwa habari za panya wa Maabara ya Jackson, Bar Harbor, Marekani. Mwaka 1949 walionekana pale panya wasioshiba, wakanenepa hadi kufikia mara tatu ya uzito wa wenzao, na majike wao wakawa tasa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambua jeni iliyoharibika. Kazi yake ni kutengeneza leptini, homoni inayotolewa na mafuta yenyewe. Leptini husafiri ndani ya damu hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, kuujulisha ubongo kwamba mwili una akiba kiasi gani. Panya wale walijaa akiba, lakini ubongo haukupata habari. Ukadhani kuna njaa. Ukawahimiza kula, ukasimamisha na homoni za uzazi, kwani mimba wakati wa njaa ni hatari kwa mama na mtoto.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 1996. Majike wa ukoo huo walipochomwa sindano za leptini, walishika mimba wakazaa. Waliokondeshwa kwa kupunguziwa chakula tu walibaki tasa. Kumbe unene na utasa wao vilikuwa na chanzo kimoja: habari isiyofika kwenye ubongo.

Kazini naliona jambo hilo kwa upande wa pili. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa huchelewa kuonyesha dalili za joto, na mfugaji humlaumu mtaalamu wa uhimilishaji. Mimi huomba kwanza kuona anacholishwa. Akiba ya mwili ikirudi, mara nyingi joto nalo hurudi.

Mimi sina kasoro ya panya wale. Binadamu wanaozaliwa bila leptini ni wachache mno. Wanene wengi tunayo kwa wingi, ila ubongo hauiitikii ipasavyo. Nilipopata ujasiri wa kwenda kwa daktari wa wanawake, alikuta homoni zangu zimevurugika na mayai hayapevuki. Nikapewa dawa, nikabadilisha mlo, nikaanza kutembea kila siku. Nimepungua kidogo tu, na bado ni mnene. Lakini hedhi iliyokuwa ikiruka miezi sasa inakuja kwa mpangilio, na ninakaa mezani na wakwe zangu nikila bila kuinamisha kichwa.

Ndugu zangu, njaa na uzazi huongozwa na ubongo mmoja, na matusi hayajawahi kurekebisha homoni ya mtu. Dada ambaye hedhi yako haieleweki, uwe mnene au mwembamba, nenda ukapimwe homoni na sukari. Mume naye apimwe. Na ninyi mawifi na mama wakwe, mkitaka kumsaidia, msindikizeni hospitali.