Nguo Ambayo Marehemu Hakuivaa

Kwetu nguo za marehemu hazikai ndani. Siku ya arobaini zinatolewa nje, zinatandazwa mkekani, na wazee wanazigawa moja moja: shati hili kwa fulani, koti lile kwa fulani, viatu kwa yule ambaye mguu wake unaingia. Usidhani ni umaskini. Nguo ya mtu ni mtu mwenyewe, na mtu haachwi sandukuni aliwe na mende. Atakayevaa koti la marehemu atasalimiwa njiani kwa jina la marehemu, naye ataitika, na hakuna atakayeona ajabu.

Baba yangu alifariki mwaka 2022. Alikuwa askari wa JWTZ, akastaafu na cheo cha sajini, akarudi kijijini kwetu Masasi kulima korosho. Arobaini yake ilikwenda salama mpaka kwenye kitu cha mwisho. Suruali ziligawiwa, blanketi likagawiwa, hata redio ilipata mwenyewe. Ikabaki bendera.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa mjini pengine uliiona bendera ya namna hiyo kwenye televisheni tarehe 29 Julai 2020, siku Mzee Benjamin Mkapa alipozikwa Lupaso, huku huku wilayani Masasi. Jeneza lilifunikwa bendera ya taifa, mizinga ikapigwa, viongozi wakajaa. Baba hakuwa rais, kwa hiyo hakuna mzinga uliopigwa. Lilikuja lori moja la jeshi na vijana wachache wenye bunduki. Walipiga risasi hewani, mbuzi wakakata kamba, watoto wakagombania maganda. Lakini bendera ni ile ile: kijani, nyeusi, bluu na ile michirizi miwili ya njano. Nchi haina bendera ya wakubwa na bendera ya wadogo. Kabla jeneza halijashushwa waliikunja taratibu, na ofisa akatembea mpaka pale mama alipokuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Akapiga saluti, akampa kwa mikono miwili.

Shida ilianzia hapo, kwamba alipewa mama.

Maana sisi watu wa huku, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo wetu unafuata kwa mama. Mimi si wa ukoo wa baba. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, na mkubwa wangu ni mjomba. Kitu cha baba kina wenyewe: dada yake na watoto wa dada yake. Mjane anapewa pole, anapewa heshima, lakini kwenye mkeka wa arobaini yeye ni mgeni, na sisi watoto tunakaa karibu na mlango. Siku hizi mambo yamelegea, mahakama zipo na watoto wanarithi mikorosho. Lakini mkeka wa arobaini haujalegea hata kidogo.

Shangazi akasema kwa upole kabisa, "Wifi, ile bendera nayo iletwe. Kaka alifunikwa nayo."

Mama akajibu, "Wifi, mimi sikuiomba. Serikali ndiyo iliyonipa."

Kimya kikaingia. Mimi naipenda shule ya uandishi, ninahangaika na riwaya yangu ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne, na nilikuwa nikitafuta mgogoro mkubwa wa kuuandika: mapenzi, fedha, mauaji. Kumbe mgogoro ulikuwa pale mkekani kati ya wifi wawili wanaopendana. Nchi inamjua mke. Ukoo unamjua dada. Baba aliwatumikia wote, na kila mmoja kati ya hao alikuwa na haki ya kusema "ni wetu".

Wazee wakaanza kupima. Babu mmoja, mjomba wake baba, haoni vizuri lakini akili ni wembe. Aliomba apewe ile bendera aipapase. Akauliza, "Marehemu aliivaa hii?" Wakamjibu hakuivaa, alifunikwa. "Basi si nguo yake," akasema. "Nguo ya marehemu ni ile aliyoitolea jasho." Mwingine akapinga: kama alifunikwa nayo ni sanda, na sanda ni mali ya kaburi. Babu akacheka. "Umeona wapi sanda ikirudi nyumbani?"

Kweli bwana, hapo ndipo mila ilipogota. Wahenga walitupa njia ya jembe, njia ya kaniki, njia ya mtoto yatima. Njia ya bendera hawakutupa, kwani bendera hii imezaliwa mwaka 1964, na wao walikwisha lala zamani. Hata vita walivyovijua havikuwa na bendera kwao. Mwaka 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana nchi hii ya kusini, pale Mahiwa mwezi wa Oktoba na huku kwetu, mpaka Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Mizigo yao ilibebwa na watu weusi vichwani, na waliokufa wengi walikuwa wabeba mizigo. Wale walifukiwa kando ya njia.

Wakati wazee wanakuna vichwa, mtani mmoja mwanamke akainyakua bendera, akajitwisha kichwani kama kata, akaanza kutembea kwa mguu sawa huku akipiga kelele kwamba sajini amefufuka na anadai pensheni yake. Akataka shilingi elfu tano ndipo airudishe. Mwenyekiti wa kijiji alisimama macho yamemtoka. "Mama, hiyo ni nembo ya taifa! Ina sheria!" Mtani akampigia saluti kwa mkono wa kushoto. Watu wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mama naye akacheka mpaka akafuta machozi. Elfu tano ikachangwa.

Lakini mwenyekiti hakukosea. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa, na bendera si kitambaa cha kufanyia unachotaka bila kibali. Kwetu si desturi raia kuipandisha nyumbani kwake. Inapepea shuleni, kwenye ofisi za serikali na kambini, inapanda asubuhi na kushuka jioni. Nimesoma kwamba Marekani familia ya askari hupewa bendera iliyokunjwa pembe tatu, na yapo masanduku ya mbao yenye kioo yanayotengenezwa kwa kazi hiyo tu, mtu akaiweka sebuleni. Fundi mmoja mchongaji aliposikia habari hizo alijitolea kutuchongea sanduku la mpingo. Wazo zuri, lakini Mmakonde akichonga sanduku zuri hivyo, nani atabaki anaangalia kilichomo?

Hapo ndipo aliposimama jirani yetu mmoja, mzee wa miaka sabini na ushee. Huyu si wa ukoo, hakuwa na haki ya kusema pale. Alisema.

Msomaji kijana, inabidi nikukumbushe kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa wa Ziwa Magharibi, huu tunaouita Kagera leo. Mwalimu Nyerere akaitangazia nchi kwamba tunampiga. Jeshi peke yake halikutosha, wakaitwa mgambo kutoka kila mkoa: wakulima, walimu, vijana wa vijiweni. Kutoka huku kusini mwisho wa nchi mpaka mpaka wa Uganda kaskazini, huko ni kuikata Tanzania nzima. Januari 1979 wakaingia Mutukula, Februari Masaka, Machi wakapambana Lukaya, tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Baba alikwenda akiwa askari. Jirani yetu alikwenda akiwa mgambo.

Vita vilipokwisha, baba alibaki jeshini. Mwaka 1987 akapelekwa Msumbiji jeshi letu lilipokwenda kusaidia dhidi ya RENAMO, akarudi. Jirani yeye alirudishia kombati, akapanda gari, akarudi kwenye mikorosho yake. Hana cheo, hana pensheni. Kinachomthibitisha ni kovu la begani na stori zake, na stori zenyewe watoto wanamkatiza.

Akasema hivi: "Shemeji, mimi siku yangu ikifika hakuna lori litakalokuja. Ninachoomba, nifunikeni na hiyo. Mkishanishusha, irudi kwako. Siihitaji chini. Naitaka pale juu tu, watu waone."

Halafu akaeleza jambo ambalo baba hakuwahi kutusimulia. Walimzika mwenzao Uganda na blanketi lake, wote wawili wakichimba, na baba akavua shati akalitandika juu ya blanketi, kwa sababu aliona blanketi peke yake ni kama kumzika mtu aliyelala. Wapo waliorudishwa wakazikwa Kaboya, kule Kagera, na kwetu Mtwara wapo waliolala Naliendele, waliofia Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vinawekwa mnarani. Lakini yule wa blanketi, jirani alisema, hata yeye mwenyewe akirudishwa leo hawezi kuonyesha mahali.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuvunja kimya. Akasema kama ni hivyo bendera haigawanyiki, ikae kwa wifi yake, ila si mali ya mama wala ya ukoo. Ni amana. Babu akaitikia: amana ina mwenye kuitunza, haina mwenye kuirithi. Mpwa aliyerithi jina la baba akapewa kazi ya kuja kila kipupwe kusaidia kuianika kivulini. Jua linapausha rangi, na sandukuni kuna panya. Hiyo ndiyo haki ya ukoo kwenye bendera: kuianika. Hakuna aliyenuna.

Ikabaki sheria. Mwenyekiti alisema, na nakubaliana naye, kwamba kuifunika bendera ya taifa juu ya jeneza si jambo la familia kujiamulia. Leo tutamfunika mpiganaji wa kweli, kesho mwingine atamfunika tajiri aliyenunua sifa, na mwisho bendera itakuwa kama shuka la kukodi na viti vya plastiki. Lakini jirani naye hakuomba makubwa. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilileta magari ya jeshi yakazisomba mpaka maghalani, na baba alisimama kando ya barabara akicheka: "Korosho zangu zimepanda lori la jeshi!" Kama jeshi liliweza kuja kubeba korosho, basi na mzee wa mgambo anaweza kuombewa kitambaa kwa nusu saa.

Ikakubaliwa iandikwe barua. Wote wakanigeukia mimi, mtoto wa karibu na mlango. "Wewe si mwandishi?"

Ndugu zangu mnaoandika, mimi nimeandika sura kumi na moja za riwaya, na hakuna sura iliyonitoa jasho kama ile barua ya ukurasa mmoja. Riwaya inakuruhusu kupamba. Barua ilitaka jina, kijiji, mwaka aliochukuliwa, njia aliyopita, nani shahidi. Shahidi mkubwa ndiye tuliyemzika. Nilikaa na mzee yule siku tatu nikimuuliza, na kila alipoanza kupamba nilimwambia, "Mzee, hapana, ilivyokuwa tu." Siku ya tatu akaacha kupamba mwenyewe. Akaanza kutaja majina ya waliokwenda naye kutoka huku, mmoja baada ya mwingine, na nikaona barua imekuwa ya watu tisa. Sita walikwisha kufa, na wote walizikwa kama mkulima mwingine yeyote.

Nimeyaacha majina yote tisa. Mwenyekiti amegonga muhuri, barua imepelekwa wilayani na nakala ninayo. Jibu bado. Mzee anapita kila Jumamosi kuuliza, anakunywa maji, anaomba aione bendera kama ipo, mama anafungua sanduku anamwonyesha. Mzee anaitazama, anatikisa kichwa, anasema, "Haya, sina haraka," kisha anarudi kupulizia salfa mikorosho yake.